Tausi Juu ya Mayai ya Mwanne

Mwanne aliugua Jumanne jioni, akafa Alhamisi kabla ya adhuhuri, akazikwa siku ile ile baada ya alasiri. Homa haikumpa hata nafasi ya kuagana na majirani. Mumewe Twalibu, fundi bati wa Gongoni, alisimama kaburini, akatia udongo wake mara tatu, akapokea pole za watu mmoja mmoja, na hakutoa chozi. Mjini Tabora mwanamume asiyelia kaburini husifiwa, na wazee walimsifu wakasema ana subira. Lakini subira na ganzi ni vitu viwili, na watu huvichanganya kwa sababu kwa nje vinafanana. Mwenye subira anao uchungu na ameushika. Twalibu hakuwa na cha kushika. Alijipapasa ndani akitafuta uchungu wa mke wa miaka thelathini na moja, asiukute, akashangaa kama wewe ungeshangaa.

Binti yao wa pekee, Zamda, aliyeolewa Bukene, alikuja na treni ya Mwanza akalia mpaka sauti ikakauka. Matanga yalipoanuliwa Jumapili alirudi kwake, maana aliacha watoto wadogo. Twalibu alimsindikiza stesheni, akamkabidhi kikapu chake dirishani, akarudi nyumbani akawasha moto wa kulehemu.

Kazi ilikuwa nyingi. Ulikuwa mwaka wa sabini na moja, miezi michache baada ya Serikali kutaifisha nyumba kubwa za kupangisha, na Wahindi wengi wa mjini, wenye nyumba na wasio na nyumba, walikuwa wanafunga virago. Kila familia ilitaka masanduku ya bati. Tangu ashike nyundo Twalibu hakupata kuagizwa kazi namna ile, na toka asubuhi mpaka magharibi mtaa mzima ulimsikia akigonga. Siku moja alijigonga kidole gumba, ukucha ukapasuka, damu ikadondokea bati. Aliitazama, akaifuta kwa kitambaa, akaendelea. Jirani aliyekuwa akipita ndiye aliyekunja uso kwa maumivu.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuisifu subira ile, naye ni Amne, mdogo wake Mwanne. Alikuwa akija kila asubuhi kufagia ua na kumwachia shemeji yake chakula, na kila asubuhi alimtazama machoni akayakuta makavu. Alianza kuwaambia majirani, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Sasa ikiwa mfiwa mwenyewe anagonga bati, wao waingie wapi? Aliona dada yake amezikwa kama mwanamke asiye na mume. Twalibu aliyasikia maneno hayo, na hakumwona Amne kuwa amekosea.

Na ni huyo huyo Amne aliyemwonyesha mayai. Kuku wa nyumba ile walikuwa wa Mwanne, na Twalibu hakuwahi hata kujua idadi yao. Alichojua ni kwamba asubuhi hutupiwa pumba na jioni hujirudisha wenyewe bandani. Jumapili hiyo aliyotoka stesheni, Amne alimwita kwenye kibanda cha jiko uani, akamwonyesha nyuma ya mafiga chungu kilichovunjika mdomo, kimejazwa mchanga na majivu, na ndani yake tetea mwekundu ameatamia. Mayai yalikuwa kumi na moja, kwa sababu mayai ya kuatamiwa huwekwa witiri, idadi isiyogawanyika kwa mbili, hayawekwi shufwa. Kila moja lilikuwa na alama ya mkaa, ili kuku wengine wakitaga humo yajulikane mageni yaondolewe. Na ukutani, juu ya chungu, Mwanne alikuwa akichora mstari mmoja wa mkaa kwa kila siku. Mistari ikifika ishirini na moja, vifaranga hutoka. Iliyokuwapo ilikuwa miwili, wa Jumatatu na wa Jumanne.

Twalibu aliokota kaa moja pale mafigani akachora mitano ya siku zilizopita bila kuhesabiwa. Kazi ya mwisho ya mkono wa mkewe ilikuwa ile, na ilikuwa nusu. Hata hapo hakusikia huzuni; alisikia kile anachosikia fundi yeyote akiona kazi imeachwa katikati. Aliazimia mayai yale yaanguliwe na vifaranga wake wakue, na tangu siku hiyo hilo ndilo jambo pekee alilolitaka duniani. Amne alimwona akichora, akangoja aseme neno lolote juu ya dada yake, akachoka kungoja, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, pumba ilipotupwa, palikuwa na ndege mgeni kati ya kuku. Alikuwa mrefu, wa rangi ya udongo, shingoni ana kijani kidogo, na utosini ana kishungi cha manyoya. Alikula bila haraka, akinyanyua mguu mmoja baada ya mwingine kana kwamba ua ule hauna usafi wa kumtosha. Jogoo alimzunguka mara moja, akafikiri, akaacha. Majirani walikuja kuchungulia. Mmoja alisema ni kanga wa porini, mwingine akasema ni kuku wa Kizungu. Amne alisema ni tausi jike wa nyumbani kwa Velji, muuza vitambaa, na wote wakamcheka, kwa kuwa tausi kila mtu anamjua, ana mkia, na huyu mkia wake uko wapi? Lakini Amne alikuwa sahihi. Velji alikuwa na tausi wawili bustanini. Dume lilikwisha kupelekwa kwa jamaa zake Mwanza, na jike akaruka ukuta siku mizigo ilipoanza kufungwa. Watu walimshauri Twalibu amfunge, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hakumfunga. Wala si kwa huruma. Kumfunga kungetaka kwanza atafute kamba.

Alhamisi asubuhi, Twalibu alipokwenda kuchora mstari wa kumi na moja, alimkuta tetea mwekundu amesimama mlangoni mwa jiko, amevimba manyoya, analalamika. Ndani, tausi alikuwa ameketi juu ya mayai na kukijaza chungu chote. Twalibu alimwondoa, akadonolewa mkono mpaka pakatoka damu, akamrudisha tetea mahali pake. Adhuhuri akamkuta tausi. Akamwondoa tena. Alasiri tausi yumo, na safari hii tetea hakuwa hata mlangoni. Alikuwa kwenye jivu la takataka, anaparua.

Baadhi ya majirani walisema achinjwe, mchezo uishe. Amne alisema mayai yatapoa huku wanashindana. Twalibu aliingiza mkono chini ya tausi, akadonolewa tena, akayagusa mayai. Yalikuwa ya moto. Akasema joto ni joto, na kwamba yeye hamwondoi tena. Siku mbili baadaye tetea alikuwa anafuatana na jogoo, hana habari kwamba aliwahi kuwa na mayai. Twalibu alisimama akamtazama kwa muda mrefu. Alimwona ni mwenzake: wote wawili wamenyang'anywa, na wote wawili wanakula vizuri. Akaona aibu kidogo, lakini nayo haikukaa.

Kuanzia hapo alikuwa na ratiba mpya. Tausi alikuwa akishuka mara moja tu kwa siku, jua la utosini, anywe maji na kudonoa mbili tatu. Saa hiyo Twalibu aliiweka nyundo chini hata kama ameshika bati la moto, akaenda kusimama mlangoni mwa jiko kuwazuia kuku wengine. Wateja walingoja. Walipomuuliza analinda nini, aliwaambia mayai, nao wakatazamana.

Alhamisi iliyofuata alikuja Pushpa, mke wa Velji, kukagua sanduku lake la mwisho. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mzaliwa wa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha pale pale mjini. Alikuwa bado anajaribu kufuli ndipo tausi akatoka jikoni kwenda kunywa maji. Pushpa akasema wamemtafuta wiki nzima. Dada yake wa Nzega angekuja kesho kumchukua, na Jumamosi wao wenyewe wanapanda treni ya Dar es Salaam, na kutoka huko meli. Akatazama huku na huku, akauliza Mama Zamda yuko wapi, kwa sababu yeye ndiye angejua namna ya kumkamata ndege bila kumuumiza.

Tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa amemlazimisha Twalibu kulitamka neno lile. Kila aliyekuja alikuja akijua.

“Amekufa,” alisema. “Wiki mbili leo.”

Alilisema kama anavyotaja urefu wa sanduku. Pushpa aliketi juu ya sanduku lake mwenyewe. Kisha akampa pole, akauliza ilikuwaje, naye akamweleza kwa maneno machache. Akamwongoza jikoni, akamwonyesha chungu, alama za mkaa juu ya mayai na mistari kumi na minane ukutani, akamwambia ni nani aliyeyaweka na kwamba imebaki mistari mitatu. Hakumwomba kitu. Mwanamke huyo alielewa mwenyewe kwamba akimchukua ndege, mayai yamekwisha.

“Huyu kila mwaka anataga,” Pushpa alisema, “na kila mwaka paka wanayala. Hajawahi kuona mtoto. Mwache hapa, fundi. Dada yangu nitamwambia amepotea.”

Kisha akalia. Alimlilia Mwanne pale pale jikoni, akijifuta kwa pindo la sari, mwanamke ambaye kwa miaka ishirini alimkunjulia kanga juu ya meza ya duka wakabishana kuhusu rangi. Twalibu alisimama pembeni, akangoja. Aliona kwamba kama kitu chochote ndani yake kingeamka, kingeamka sasa, mtu wa mbali anapomlilia mke wake mbele ya macho yake. Hakikuamka. Hapo ndipo alipoanza kujiogopa.

Jumatatu mayai yakaanguliwa. Mawili yalikuwa viza, tisa yakatoa vifaranga wazima. Tausi alisimama juu yao, akainamisha shingo huku, akaiinamisha kule, kisha akaokota punje, na badala ya kuiweka chini kama afanyavyo kuku, aliishikilia mdomoni mpaka vifaranga wakaanza kumrukia. Walikosa, wakaanguka, wakajifunza. Twalibu hakugonga bati asubuhi yote ile. Furaha hakuiona, ila siku hiyo alikula chakula chote alicholetewa. Amne alipomuuliza kama amefurahi alijibu kwamba wako wazima, tisa. Amne akafyonza. Akamwambia pia asijidanganye kwamba kazi imekwisha, kwa sababu ulikuwa wakati wa kipupwe, na kifaranga bila mama havuki upepo wa siku mbili.

Alhamisi ndiyo akaja Hilari. Huyu alikuwa Mgogo wa Dodoma, mfanyakazi wa reli, rafiki wa Twalibu kwa miaka mingi na mtani wake. Babu yake Twalibu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi, na safari zote hizo zilipita Ugogo, ambako maji ni ya kuomba. Huko ndiko utani wa Wagogo na Wanyamwezi ulikoanzia, na sheria yake kila mtu anaijua: penye msiba mtani huja kufanya vituko, hutukana hata maiti, huchukua anachokitaka uani, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Hilari alikuwa kazini njia ya Mpanda Mwanne alipokufa. Habari ilimfikia wiki ya tatu, na aliposhuka stesheni hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja Gongoni na mfuko wake wa safari begani.

Aliingia akiomboleza kwa sauti ya uongo, kilio kirefu cha kumkejeli kila aliyewahi kulia. Alimlaumu Mwanne kwa kufa bila ruhusa ya Wagogo. Aliuliza wapagazi hawa, waliobeba pembe za ndovu mwezi mzima, wameshindwaje kumbeba mwanamke mmoja mwepesi. Majirani walijaa mlangoni. Wanawake wakacheka huku machozi yanawatoka, na Amne naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Twalibu alimpa mkono mgeni wake, akamsogezea kiti, akamuuliza habari za Mpanda.

Hilari alimtazama. Akatoa kichekesho kingine, kikali zaidi, kisha kingine. Havikuingia. Basi akainuka akatangaza kwamba anachukua kuku wa mtani, fidia ya maji aliyokunywa babu yake Twalibu, na macho yake yakamwangukia aliye mkubwa kuliko wote pale uani. Kosa lilikuwa lile lile la majirani: tausi bila mkia ni nani atamjua? Akanyata kwa nyuma, na kabla Amne hajamaliza kusema kwamba huyo siye, akawa ameudaka mguu.

Ndege akalia kwa sauti ambayo Gongoni haikuwahi kuisikia, akamkwaruza Hilari mkono mzima, akapanda juu ya bati la jiko, kutoka hapo ukutani, kutoka ukutani akaenda. Manyoya matatu yalibaki mkononi mwa mtani. Watu walitoka kumtafuta. Wengine walisema ameonekana Cheyo, wengine wakasema Ng'ambo, na wote walirudi mikono mitupu baada ya alasiri.

Vifaranga walikuwa wanazunguka uani wakilia. Amne aliwakusanya akawaweka chini ya tetea mwekundu, ambaye kwa haki walikuwa wake. Tetea alimdonoa mmoja kichwani, wengine wakakimbia. Upepo ulikuwa umeanza. Walijibana tisa wote kwenye pembe ya ukuta, kila mmoja akijaribu kuingia chini ya mwenzake, na hakuna aliyekuwa na chini.

Hilari alirudi wa mwisho, ana jasho, manyoya bado mkononi. Aliona lazima aseme kitu, na kwa kuwa yeye ni mtani alisema la utani: kwamba sasa ameamini, kwa Wanyamwezi hata kuku hukimbia. Twalibu aliinuka akamzaba kofi.

Kumkasirikia mtani ni aibu. Kumpiga, wengi waliokuwapo walikuwa hawajapata kuona. Twalibu mwenyewe aliutazama mkono wake.

“Umeniulia Mwanne,” alisema.

Alitaka kusema vifaranga. Lilipotoka hilo alilisikia kama walivyolisikia wengine. Hilari hakuurudisha mkono wala hakurudi nyuma. Alisimama pale amejishika shavu, na aliposema hakuwa na utani sautini.

“Afadhali. Kule njiani niliambiwa mmezika wawili, mke na mume.”

Twalibu alifungua mdomo amjibu, kikatoka kilio. Hakikuwa kilio cha mwanamume anayejizuia. Kilikuwa kikubwa, kibaya, kilimkunja, kikamshikisha ukuta, na uchungu alioutafuta wiki tatu ukamjia wote kwa mara moja: miaka thelathini na moja, sauti ya Mwanne akiwaita kuku, kitanda kilivyo kipana. Uliuma, akatamani usiume, na hakukuwa na pa kuuweka.

Lakini jua lilikuwa linashuka, na vifaranga walikuwa wanapunguza sauti, dalili ambayo hata yeye aliielewa. Akaliendea sanduku la mteja wake mmoja, Yusufali, lililobakiza vipini tu, akaling'oa mfuniko. Akaanza kukata. Aliwaeleza kwa vipande vya maneno: kiota cha bati cha kuwapasha vifaranga joto, sakafu mbili, chini taa ya koroboi, juu yake bati, juu ya bati mchanga, na matundu pembeni moshi utoke. Machozi yalimziba macho, mkasi ukapinda mstari, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu uanagenzi.

“Mimi kuku siwajui, Amne,” alisema. “Mwanne ndiye aliyekuwa anawajua. Mimi najua bati tu. Hakuniambia chochote. Hakuniambia hata wanalazwaje.”

Amne aliwaokota vifaranga mmoja mmoja akawatia ndani ya mtandio wake. Alikuja akaketi chini karibu na shemeji yake, bega kwa bega, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya, akaanza kulia naye. Alimwambia kwamba hata yeye dada yake hakumwambia.

Hilari alipiga magoti upande wa pili akalishika bati lisicheze, mkono wake uliokwaruzwa ukivuja damu. Alimwacha Twalibu agonge misumari miwili mitatu. Machozi yalikuwa yanadondoka papo hapo nyundo inapopiga.

“Usililie bati, mpagazi,” akamwambia. “Litashika kutu.”

Twalibu alicheka. Kicheko kilitoka kimechanganyika na kamasi na kilio, hakikuwa kizuri kukisikiliza, na hakikusimamisha machozi. Alijifuta kwa mkono wa shati, akaomba koroboi iwashwe, akaendelea kugonga.